Mwongozo wa Kununua Laptopu Iliyochoka

Chapa ichague kiukoo. Mjomba wangu anaiapia moja kwa sababu ya mashine aliyoinunua 2009, hadi leo inawaka. Shangazi anailaani hiyohiyo, naye kwa sababu ya mashine moja. Ushahidi gani tena unautaka? Habari kwamba Quanta na Compal za Taiwan huunda laptopu za chapa nyingi, zikiwemo zile ambazo mashabiki wake hutukanana, waachie wanaopenda kukesha.

Sasa shuka Kariakoo, uitaje chapa yako mlangoni, na bajeti uitaje pia. Itatolewa chini ya meza, imefutwa inang'aa. Ukiambiwa "hii i7, bosi," itikia kwa kichwa. Usiinamie namba ndogo: i7-4600U ni kizazi cha 4, ile tarakimu baada ya kistari ndiyo inayosema, na i5 ya kizazi cha 8 huiacha mbali. Wala usiulize kuhusu Windows 11, ambayo kwa Intel huanzia kizazi hichohicho cha 8, wala kukumbusha kuwa Microsoft iliacha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Utaonekana umekuja kugombana.

Chaja usichomoe. Ni utovu wa adabu, kama kufunua sufuria ugenini. Wapo wenye roho ngumu wanaofungua lile dirisha jeusi na kuandika powercfg /batteryreport. Windows huwapa uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wa leo, kando kwa kando. Mimi nina malezi. Yangu niliichomoa nyumbani Mbagala, ikanipa dakika kumi na moja, nne kati ya hizo ikiwa inajiwasha.

Diski nayo hulia kama mtu anayealisha vidole. Zoea. Feni ikilia, ongeza sauti ya redio.

Wiki ya tatu kila nikiiwasha ikawa inaamini tuko Januari 2012. Tovuti ya benki ikagoma kufunguka, maana cheti chake cha usalama kilikuwa bado hakijazaliwa. Nikampelekea fundi. Akatoa kibetri cha duara, CR2032, akaweka kipya, saa ikarudi mahali pake. Akaigeuza mashine, akaangalia nembo.

"Aah, hizi," akasema, akiipigapiga mgongoni. "Hizi hazifi, kaka."