Kabla Hujamtangaza Mwizi: Mwongozo wa Hakimu wa Simu

Saa mbili usiku, Kitale. Sahani ya ugali iko mapajani na simu inalia. Ni picha ya kijana kando ya pikipiki, na chini yake: "Huyu ndiye mwizi wetu, ukimwona usimwache." Kiminini wameipata, Webuye wameipata, Bungoma mjini wanaijadili. Umebaki wewe. Umeteuliwa hakimu bila kuapishwa, kwa hiyo kazi hii uifanye yote.

Kwanza nawa mikono. Kidole chenye mchuzi hubonyeza ovyo, na mwendo wa kwenda bombani na kurudi utakupa nafasi ya kuitazama picha tena.

Sasa mwulize aliyekutumia: imepigwa wapi, lini, na nani? Pikipiki ni ya nani? Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ni ipi? Aliyeibiwa akaripoti kituoni anayo namba hiyo. Kama hajaripoti, msindikize kituoni kabla hujaipeleka picha popote. Ukijibiwa "hata mimi nimetumiwa tu", huna ushahidi. Una uvumi wenye picha.

Halafu msikilize mshtakiwa. Ibara ya 50 ya Katiba ya 2010 inataka ahesabiwe kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na apewe muda wa kujiandaa kujitetea. Katika kikundi cha WhatsApp muda huo haupo. Miaka michache iliyopita picha ya namna hii ilifika kwetu mtaani, nami nikaipitisha. Pikipiki ilikuwa ya kaka wa kijana aliyekuwa pichani. Kijana alikuwa akiipeleka kwa fundi. Mama yake alizunguka nyumba kwa nyumba akiwa na hati ya umiliki mkononi. Alipopiga hodi kwangu nilifungua, nikakosa la kumwambia.

Tunajua sote kinachotokea sauti ya "mwizi!" inapopigwa stejini. Boda boda hukusanyika kutoka kila upande, mawe hupatikana, petroli hupatikana, na asubuhi redio husema ameuawa na wananchi wenye hasira. Wananchi hao hawana majina. Siku hizi picha ndiyo inayopiga ukelele, na hufika stejini kabla mwenye sura hajashuka kwenye matatu. Mwaka 2017 Nairobi, kurasa za Facebook zilizobeba jina la Hessy, aliyesemekana kuwa polisi, zilichapisha picha za vijana walioshukiwa kuwa majambazi, pamoja na onyo; baadaye zikaja picha za maiti. Wengi wetu tulishangilia. Hakuna aliyesikilizwa.

Ukishauliza na kusikiliza, na bado unaona lazima useme, weka jina lako. Kwa Wabukusu, omuswala kumuse, msemaji wa jadi, huikemea jamii baada ya mzee kuzikwa, tena kwa maneno makali. Lakini husimama mbele ya watu, na ukoo wake unajulikana. Anayeshtaki jirani akiwa nyuma ya picha ya simba hajaufikia ujasiri huo.

Simu ina nguvu, nami naiheshimu. Hapo jirani Busia, mwaka 2013, msichana wa miaka 16 alibakwa na genge. Washukiwa waliokamatwa wakaamriwa kufyeka nyasi kituoni, kisha wakaachiliwa. Gazeti la Nation likaandika, watu zaidi ya milioni moja wakatia saini mtandaoni, na saini zikapelekwa hadi makao makuu ya polisi Nairobi. Aprili 2015 mahakama iliwafunga wanaume watatu miaka 15 kila mmoja. Msichana alifichwa kwa jina la Liz. Hakuna aliyehimizwa kumrushia mtu jiwe. Waliosumbuliwa ni wale wanaolipwa kuchunguza na kushtaki. Sumbua hao. Kituo kikikataa kuandika ripoti, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi, kisha waambie wote kituo kimekataa.

Na kama picha umeshaipitisha na imegundulika kuwa si ya kweli, usiifute kimyakimya. Rudi katika kila kikundi ulikoituma, kimoja kimoja, uandike kwa jina lako kwamba ulikosea. Asubuhi mfuate mwenyekiti wa steji umweleze mbele ya madereva wake. Kisha nenda kwa yule mama, mchana, ukapige hodi.