Vuli Katika Pwani ya Jua

Vuli ya Costa del Sol, mwambao wa mkoa wa Málaga kusini mwa Uhispania, huanza kwenye kalenda mwishoni mwa Septemba, lakini bahari haina habari nayo. Hata Oktoba maji huwa na nyuzijoto karibu 20, na mchana joto hugusa 24. Kwa wastaafu wa Uingereza na Ujerumani waliohamia huko, na kwa Wafini wa Fuengirola ambao ni wengi hadi wana shule yao, hicho bado ni kiangazi. Mgeni hushuka dukani na kaptura na ndala. Mwenyeji hafuati kipimajoto, anafuata mwezi: ikifika katikati ya Oktoba nguo nyepesi hupandishwa juu ya kabati na masweta hushushwa, liwake jua lisiwake. Kwenye foleni ya mkate, bibi mwenye skafu na buti humtazama mzee wa Kiingereza mwenye magoti wazi kwa huruma ya dhati. Anayetokwa jasho ni bibi. Anayeonewa huruma ni mzee.

Saa nazo zina vituko vyake. Málaga iko magharibi zaidi ya London, lakini tangu 1940 Uhispania hufuata saa za Berlin, kwa hiyo mwezi Oktoba jua huchelewa kuzama hadi saa moja na ushei jioni. Jumapili ya mwisho ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa ya jiko haina akili hiyo. Mwingereza, ambaye tumbo lake hudai chakula cha mchana saa sita na nusu, akiiamini saa ya jiko hutokea mkahawani saa tano na nusu. Wahispania hula saa nane au tisa. Mwingereza humkuta mhudumu bado anapanga viti, na kwa kuwa ameona haya kuondoka, hukaa akinywa kahawa moja baada ya nyingine hadi mikono imtetemeke.

Hilo ni la siku moja. Kituko cha msimu mzima ni nyumba. Mgeni alihama kwa ajili ya jua, na nyumba aliyonunua ilijengwa kulikimbia jua lilelile. Sakafu ni ya marumaru ili nyayo zipoe mwezi Agosti, madirisha yana vifuniko vya kushusha ili mwanga usipenye, na nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wowote wa kupasha joto vyumba. Novemba, nje kukiwa na nyuzijoto 20, sebuleni mtu huhitaji soksi jozi mbili. Ndiyo maana saa tano asubuhi familia nzima hutoka nje roshanini na kujianika kama ng'onda, kisha hurudi ndani kuvaa makoti.

Dawa ya kwanza ni hita ya umeme. Nchini humo kila nyumba hulipia kiwango maalumu cha nguvu ya umeme, na nyumba ndogo nyingi huridhika na kilowati 3.45 au 4.6, kwa sababu kiwango kikubwa zaidi huongeza bili hata kisipotumika. Hita hula kilowati 2. Birika la Kiingereza, lile lililosafirishwa kwa heshima zote likiwa limeviringishwa ndani ya taulo, hula 3. Mwenye nyumba akitamani chai huku hita inawaka, nyumba huingia gizani kabla maji hayajachemka. Swichi kuu kwa kawaida iko karibu na mlango wa mbele, yaani mbali na birika, na katikati ya safari hiyo kuna meza fupi ambayo kimo chake kinalingana barabara na muundi wa binadamu.

Dawa ya pili ni mtungi wa gesi wa rangi ya chungwa, wenye kilo 12.5 za butani. Chuma chenyewe kina uzito unaokaribia huo. Gari la gesi hupita mtaani likipiga honi, na halimsubiri mtu. Mgeni hukimbia ngazini na nguo za kulalia, mtungi mtupu ukimgonga goti kila kidato, akifika chini anakuta honi ilikuwa ya muuza samaki. Majirani, ambao masikio yao hutofautisha honi hizo tangu utotoni, huwa wamesimama roshanini wakitazama, na si wachoyo wa ushauri.

Wenyeji wenyewe wana maarifa ya zamani zaidi: meza ya duara iliyofunikwa kitambaa kizito hadi sakafuni, na chini yake moto. Zamani ulikuwa wa mkaa. Siku hizi ni wa umeme. Familia huingiza miguu chini ya kitambaa, hucheza karata, na hupata joto kuanzia kiunoni kwenda chini. Ni ubunifu wa kupongezwa, isipokuwa kwa mgeni aliyealikwa akaingia na ndala zake za plastiki. Harufu ndiyo hutoa taarifa kwanza, na ndala ikishashikana na wavu wa moto huvutwa kwa koleo.

Kisha mvua. Julai Málaga hupata tone au haipati kabisa, na Novemba ni mmoja wa miezi yake yenye mvua nyingi, wakati uleule mvua za vuli zinaponyesha Mombasa na Tanga. Hewa baridi ya juu hukutana na unyevu wa bahari iliyopashwa joto kiangazi kizima, na milima iliyo nyuma ya pwani huisukuma hewa yenye unyevu huo ipande. Mvua ya mwezi mzima huweza kumwagika kwa saa chache. Huu si mzaha mtupu: tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko ya aina hiyo yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao mkoani Valencia. Mwenyeji akiona wingu la namna fulani huondoa gari kwenye korongo kavu ambalo mwaka mzima hutumika kama maegesho. Mgeni huliacha, akishangaa nafasi imekuwa nyingi ghafla.

Faraja ya msimu iko sokoni. Mashamba ya Axarquía, mashariki mwa Málaga, hutoa maembe na parachichi, na upande wa Almuñécar hutoka chirimoya, tunda ambalo ni ndugu wa stafeli na topetope. Mgeni hulinunua likiwa bichi na kulitia kwenye jokofu, ambamo huwa jeusi bila kuiva. Mtoto yeyote wa Pemba angemwambia aliache kabatini siku chache, lakini Waingereza wa huko kwa sasa wana hesabu nyingine: tangu nchi yao itoke Umoja wa Ulaya, asiye na kibali cha ukaazi huruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Mwafrika Mashariki mwenye viza ya Schengen ameijua hesabu hiyo miaka mingi na hana la kuongeza.

Linabaki paa. Nyumba nyingi zina paa bapa, na mifereji yake huziba kwa vumbi na majani ya kiangazi, hivyo mvua ya kwanza hutua sebuleni, juu ya hita. Fundi huahidi kuja baada ya sikukuu ya taifa ya 12 Oktoba. Ikipita, kuna Watakatifu Wote, 1 Novemba. Zikifuata siku za jua, ambazo mara nyingi hujitokeza mnamo tarehe 11 Novemba, haina haraka. Halafu kuna Sikukuu ya Katiba, 6 Desemba, na ya Bikira Maria, 8 Desemba, na siku iliyo katikati hakuna mtu mwenye akili timamu anayeifanyia kazi. Hatimaye fundi hufika na ngazi yake, hutazama dari, huigusa kwa kidole, huikuta kavu, na kumweleza mwenye nyumba kwa upole kwamba paa halivuji.