Muulize Mzee Ngama: Mashua, Mashine na Mikosi Yenu

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinaanza na maneno mamoja: "Nimenunua mashine." Hakuna hata moja iliyoanza na "Nimeutazama mwezi." Haya, tuendelee. Mimi hulipwa kwa idadi ya majibu, si kwa idadi ya wanaosikia.

*Shikamoo Mzee Ngama. Jumamosi nilipeleka wageni Jambiani kwa mashua yangu yenye mashine ya farasi 15. Nilitia nanga saa kumi alasiri, maji yakinifika kifuani, tukashuka kula samaki. Tuliporudi saa nne usiku mashua imelala ubavu mchangani na bahari haionekani. Wageni wanadai pesa zao. Mimi zangu nimdai nani?*
*Nimekaukiwa, Makunduchi*

Marahaba, mwanangu. Udai mwezi. Usiku ule ulikuwa mpevu, wala hukuhitaji darubini kuuona. Mwezi ukiandama au ukipevuka, bamvua haliko mbali, na siku za bamvua pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, mchana na usiku. Akina mama wanaolima mwani hapo Jambiani wanapanga kazi zao kwa hesabu hiyo, na ulipita katikati yao ukiwapungia mkono.

Bamvua la Unguja huweza kushusha maji kwa mita 4. Wewe ulikuwa na maji ya kifuani. Toa mwenyewe.

Lakini nikukosoe zaidi, maana najua bado hujaelewa. Kwanza, mguu wa mashine. Mashua ikianza kugusa mchanga huku mguu uko chini, uzito wote unaegemea propela na ubao wa tezi ulioshika mashine. Inua mguu kabla hujashuka chomboni, hata kama unakwenda kununua sigara tu. Pili, shukuru kwamba maji yalirudi alfajiri, saa kumi na nusu hivi, kwa kuwa kujaa kwa maji huchelewa kama dakika 25 kila mara. Anayepanda mchangani pale bamvua lilipofika juu kabisa hana bahati hiyo: maji yanayofuata yanazidi kuwa madogo siku hadi siku, mpaka maji mafu, na huenda akakaa na mashua yake nchi kavu wiki 2 akisubiri bamvua jingine. Wako waliopata wachumba katika muda huo.

Na mara nyingine usije ukakosea kwa upande wa pili. Ukitia nanga maji yamekupwa, kina mita 2, ukatoa kamba ya mita 10, utajiona fundi. Maji yakijaa kina kitakuwa mita 6, kamba itakuwa fupi, nanga itang'oka, na mashua itaondoka bila nahodha. Kamba hupimwa kwa maji yatakayokuja: kina cha maji makuu mara 5 kwa uchache, na vipande vya mnyororo mbele ya nanga ili ilale na kuuma mchanga. Penye matumbawe usitie kabisa. Utaliharibu tumbawe, na pengine nanga itabaki huko.

Wageni warudishie nusu. Samaki walikula.

*Mzee, mashine yangu mpya inawaka vizuri, inakwenda kama dakika kumi, kisha inazimika taratibu. Nikipumzika kidogo inawaka tena. Fundi amebadilisha plagi mara mbili. Mganga amesema ni husuda ya jirani. Nimemuuliza jirani, hasemi nami tena.*
*Mwenye Kuhusudiwa, Kilwa Kivinje*

Nenda kamwombe radhi jirani. Kisha rudi, tazama kifuniko cha tenki la petroli: pana kiskurubu kidogo cha hewa. Kifungue. Mashine inapovuta petroli, hewa lazima iingie mahali pake. Usipoipa njia, tenki linajikunja, ile pampu ya mkono kwenye mpira inanywea kama embe lililofyonzwa, na mashine inakosa mafuta. Ukipumzika, hewa inapenya kidogo, inawaka tena. Ukifika ufunge, maji ya bahari yasiingie.

Kama kimefunguliwa tayari na bado inazimika, mimina petroli kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatazama chini uyaone. Na kama ni mashine ya kuchanganya oili, soma kitabu chake. Nyingi zinataka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20. "Kukadiria kwa jicho" si kipimo, hata kama jicho ni la fundi.

*Mzee Ngama, mimi ni mtu wa haraka. Julai hii nikitoka Kilifi naweka tanga na mashine pamoja, zote kwa nguvu. Mashua inalala upande, mashine inapiga kelele kama imekanyagwa, na mwendo hauongezeki. Nimeibiwa?*
*Mwendo Mara Mbili*

Hujaibiwa. Julai ni kusi, na kusi likijaa tangani mashua inainama, propela inatoka majini. Inazunguka hewani. Maji ya kuipoza nayo hayapandi, kwa hiyo kile kimkojo kinachotoka ubavuni mwa mashine kinakatika, na dakika chache baadaye utanunua mashine nyingine. Kimkojo kikikatika, zima. Usijadiliane nacho.

Tanga na mashine vinapatana pale unapokwenda joshi, upepo ukiwa mbele kwa pembeni na chombo kinashindwa kupanda. Mashine kwa mafuta kidogo itakusogeza karibu zaidi na upepo, na tanga litaituliza mashua isiyumbe. Upepo ukiwa usoni kabisa, shusha foromali. Tanga linalopigapiga ni breki uliyoishona kwa pesa zako. Upepo ukitosha, zima mashine na uinue mguu, kwani propela iliyokufa majini inakuvuta nyuma. Upepo ukizidi tanga lako, badilisha, weka dogo, na ufanye hivyo ungali bandarini.

Jambo moja silitanii. Demani usiifunge. Izungushe mara moja kwenye kigingi na mwisho wake ukae mkononi mwa mtu aliye macho. Pepo la ghafla likija, demani iliyoachiwa inamwaga upepo; iliyofungwa kwa fundo inapindua mashua kabla hujamaliza kusema "ya Rabi".

*Mzee, kila nikija gatini Lamu napiga ukuta. Wapwa zangu wamenipa jina ambalo siwezi kuliandika. Nifanyeje?*
*Mjomba, Shela*

Unakuja ukifuata mkondo. Pita gati, geuka, rudi omo ukiuelekea mkondo, na utoe gia mapema. Maji yenyewe yatakusimamisha. Na ile kamba ya kuzimia mashine uivae mkononi, usiitundike kwenye kana kama tasbihi: nahodha akianguka, mashine izime, isije ikamzunguka na propela. Jina hilo wapwa hawataliacha.

*Baba, nilimchukua mama mkwe kwenda Chole. Nilimkalisha joshini kwa ajili ya uzito, akalowa chapachapa. Sasa mke wangu yuko kwao.*
*Mume Mpweke, Kilindoni*

Rashasha huruka juu ya omo upande wa joshini, na kila nahodha anajua. Mgeni wa heshima hukaa katikati, karibu na tezi, ambako chombo hakirushirushi na maji hayafiki. Lakini nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona kwamba ulimweka joshini "kwa ajili ya uzito". Uzito unakwenda joshini, ni kweli, ndiyo maana tuna magunia ya mchanga. Ulimwambia hivyo? Kama ulimwambia, tuma wazee, na watangulize khanga mpya.

*Mashua yangu ya mbao ilikaa pwani miezi minne. Nimeishusha, inavuja kila mahali. Niiuze?*
*Ngamani Mmejaa, Pangani*

Mbao zimekauka zikaachana. Ifunge penye maji machache, iache inywe siku mbili tatu, mbao zitavimba na kubana. Mashine usiifunge bado. Panapoendelea kuvuja ndipo umwite fundi wa kalafati. Ukiiuza leo, atakayeinunua anajua haya, na atakucheka mpaka Tanga.

Na wewe wa Mtoni uliyeandika mara tatu kuuliza kama naweza kukuazima tanga langu kubwa kwa ajili ya harusi: hapana.