Karani, Shangazi na Hati ya Kiwanja

Jumapili padre kahubiri juu ya yule mjane wa Luka 18, aliyemganda hakimu asiyemcha Mungu wala kumjali mtu, mpaka hakimu akampa haki yake ili apate kupumzika. Waumini wakatikisa vichwa. Mimi nikanuna. Mjane yule hakuwahi kufuatilia hati ya kiwanja Dar es Salaam. Hakimu wake angalau alikuwa anapatikana.

Wa kwangu, karani wa ofisi ya ardhi, "katoka kidogo". Koti lipo mgongoni mwa kiti, ushahidi kwamba yuko kazini, mwenyewe hayupo. Ukimpata, faili halionekani. Faili likionekana, mtandao hakuna. Mtandao ukirudi, mwenye kusaini yuko semina Dodoma. Na bado narudi, na fotokopi zangu, na picha za pasipoti, na tabasamu la kulazimisha. Sijawahi kusema labda si mapenzi ya serikali nipate hati.

Kwa Mungu ndiko ninakochoka upesi. Novena naianza kwa kishindo, siku ya nne nasinzia kwenye kochi rozari mkononi, siku ya sita nimeshaamua jibu ni hapana. Shangazi, mwana-WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) tangu mimi sijazaliwa, hanipi nafasi ya kupumua. Nikilalamika tu, naletewa Mtakatifu Monika: miaka kama 17 akimlilia Mungu kwa ajili ya mwanawe Augustino.

Kuna sehemu ya kisa hicho Shangazi huipita mbio. Mwaka 383, huko Karthago, kijana kapania kwenda Roma, mama hataki. Kijana akamdanganya kwamba anamsubiri rafiki yake apate upepo wa kusafiri. Mama akakubali kulala kwenye kikanisa cha Mtakatifu Sipriani, karibu na meli, akasali huku akilia kwamba mwanawe asiondoke. Kumekucha, meli haipo. Hebu fikiria: macho yamevimba, magoti yamechubuka, na kile ulichoomba kisitokee kimetokea wewe ukiwa katikati ya sala ya kukizuia! Mimi ningehama parokia. Monika akapanda meli akamfuata. Na kwa safari ileile aliyoikataa mama, kijana hatimaye alifika Milano, akamsikiliza Askofu Ambrosi, akabatizwa mwaka 387.

"Umeona sasa?" husema Shangazi.

Nimeona. Nimeona pia kwamba Monika alifariki mwaka huohuo, kabla hajafaidi.

Kwenye mkesha wa Ijumaa mambo hayo hayasikiki. Shuhuda zote zina mwendo wa bodaboda: kaomba Jumatatu, kapata Jumatano, makofi kwa Yesu. Sijasikia mtu akisimama kushuhudia nyonga. Yakobo alipigana mieleka penye Yaboki mpaka alfajiri, akabarikiwa sawa, lakini aliondoka anachechemea kwa nyonga iliyoteguka.

Basi Shangazi kaamua tumwombee karani. Si hati. Karani, kwa jina lake, kila jioni.

"Shangazi, huyu wa kumwombea uhamisho."

"Ahamie wapi, akamsumbue nani? Piga magoti, mwanangu."

Tatizo la kumwombea mtu kila jioni ni kwamba maneno yanakuishia. Umbariki, umlinde, halafu? Ikabidi nianze kumuuliza habari za nyumbani ili nipate cha kusema. Kumbe naye anafuatilia hati! Kiwanja cha marehemu baba yake, wilaya nyingine. Kila akitoka kidogo ndiko anakokwenda, na huko anakuta koti kwenye kiti.

Nimeharibikiwa. Ile hasira niliyoitunza muda wote huo, na kuilisha vizuri, siioni. Naingia ofisini nimepanga maneno mazito tangu kwenye daladala, mdomo unafunguka unasema, "Pole kaka, wale jamaa wamekujibu?" Tunakaa tunalalamika pamoja mpaka saa ya chakula. Faili langu bado halionekani. Padre nilipomweleza akatabasamu, akasema hapo ndipo mtu anapokua kiroho. Sawa, Padre. Ila mimi niliomba mita za mraba 600.

Na Shangazi aliposikia habari hizo hakupoteza muda. Kaongeza kwenye orodha karani wa karani, na yule wa semina Dodoma. Tunaanza leo saa moja, baada ya taarifa ya habari ya jirani.