Wikendi ya Samaki Busia: Usiache Futi ya Fundi Nguo

Anayetaka kula samaki Busia bila kulimaliza Ziwa Victoria abebe vitu vitatu: viatu vya kukanyaga matope, pesa za rejareja na futi ya fundi nguo. Futi hiyo si ya mapambo. Utaitandaza juu ya samaki mbele za watu, utachekwa, na utaendelea kupima.

Kabla ya kupanga safari, tazama kalenda, kisha utazame mwezi. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai uvuvi wa omena, yaani dagaa wa ziwani, hufungwa upande wa Kenya ili wazaliane. Na omena huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua. Chagua wikendi ya giza, nje ya miezi hiyo minne.

Ijumaa lala Busia mjini, ila usinunue kitu. Busia na Malaba hazina ufuo. Ziwa liko kusini, Samia na Bunyala. Jumamosi alfajiri panda matatu ya kwenda Sio Port, au ya Port Victoria ukitaka kufika bichi za Marenga na Mulukoba. Ukichelewa kitandani utakuta mashua zimeshashusha na wachuuzi wameshagawana.

Anza na omena, na ukiwa na pesa kidogo, ishia hapo hapo. Hukomaa kabla ya kutimiza mwaka na huzaliana upesi, ndiyo maana huhimili kuvuliwa kuliko samaki wakubwa. Waangalie akina mama wanavyowaanika: wengine juu ya nyavu kuukuu, wengine kwenye mchanga mtupu. Nunua kwa aliyetandika wavu. Chota kiganja, sugua polepole. Omena aliyekauka vizuri hung'aa kama bati jipya na kichwa hubaki mahali pake. Aliyenyeshewa huwa kahawia, huvunjika na hunuka kabla hujamkaribia. Kisha omba akujazie kopo la gorogoro, usimame hapo hapo akipima.

"Mama, huyu ameanikwa lini?"

"Jana, kastama. Onja."

Onja kweli. Meno yakikutana na mchanga, mshukuru na usogee kwa jirani yake.

Sasa sangara, na hapa futi inatoka mfukoni. Anayeruhusiwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya hapo hajapata nafasi ya kuzaa. Juu ya hapo ni mzazi mkubwa anayebeba mayai mengi, na ziwa linamhitaji kuliko sufuria yako. Huyo mkubwa anawindwa pia kwa ajili ya mabondo, vile vibofu vya hewa vinavyonunuliwa kwa bei kubwa na kupelekwa China. Sangara mwenyewe aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na alipofurika miaka ya 1980 akala mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, na nyingi hazijaonekana tena. Hilo lisikupe kisingizio cha kumla mtoto wake. Leo maelfu ya nyumba zinamtegemea.

Mvuvi usimfokee. Ana deni la wavu na injini, na anashusha anachojua kitanunuliwa. Wewe kataa tu kununua, useme sababu kwa sauti ya kawaida, kisha uliza ofisi ya BMU iko wapi. Hao ndio wasimamizi wa bichi waliochaguliwa na wavuvi wenyewe, na mteja anayeuliza juu ya nyavu za macho madogo anawapa nguvu mbele ya wenzao.

Jumapili nenda Malaba. Utapita foleni ya malori kabla hujaona hoteli, na katika hoteli hizo kazi yako ni maswali. Tilapia wote wakilingana urefu na mwili ukiwa laini kama uliolala kwenye barafu muda mrefu, uliza kama wametoka China. Huja kwa katoni na huuzwa rahisi. Ukiambiwa ni wa bwawani, vyema. Mwaka 2009 serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa majimboni, na wafugaji waliodumu wanastahili wateja. Lakini uliza wanalishwa nini, kwa sababu omena wengi husagwa kuwa chakula cha kuku na samaki. Binafsi naona ni hasara kubwa. Mtoto wa huku Teso anamhitaji omena huyo kuliko kuku wa mjini.

Basi agiza omena: aoshwe kwa maji ya moto, akaangwe mpaka akauke, ndipo vitunguu na nyanya viingie, na pembeni ugali wa mtama na muhogo. Ukiambiwa omena hakuna, kisha ukaletewa sangara mfupi wa kuenea kwenye kisahani, rudisha, lipia soda yako, uingie kibanda kinachofuata.