Sifa za Mfuata Ngoma

Mfuata nyuki ameahidiwa asali. Mfuata ngoma hajaahidiwa kitu, na bado anakwenda. Ninayemsifu hapa ni shabiki wa Usukumani, yule ambaye mavuno yakishaingia ghalani na pamba ikishauzwa hupanda baiskeli yake akamfuata manju kutoka Kisesa hadi Magu, kutoka Magu hadi Misungwi, na kundi likivuka ziwa kwenda Sengerema naye yumo. Hapigi ngoma, haimbi ila kuitikia, na akicheza hakuna anayegeuka kumtazama. Nyumbani anaitwa mzururaji, na ukweni jina lake hutajwa kwa kuguna. Ulaya na Marekani anao ndugu zake, vijana wanaozifuata bendi za panki zisizopigwa redioni, ukumbi hadi ukumbi, wakilala sakafuni kwa watu wasiowajua. Nao wanasemwa vivyo hivyo. Lakini hao ni watazamaji tu, ilhali huyu wa kwetu ni hakimu.

Cheo hicho hakukipora. Mapokeo yanasema kwamba katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana nani ana dawa kali zaidi; wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, na tangu hapo mbina, ngoma za mashindano za Wasukuma, zimegawanyika pande hizo mbili. Njia ya kumpata mshindi ni ya haki kuliko chaguzi nyingi tunazozijua: makundi mawili huingia uwanja mmoja, hupiga kwa wakati mmoja, kila moja na duara lake, na watu wako huru kwenda wanakopenda. Lenye umati mkubwa ndilo limeshinda. Fikiria basi ni jasho la nani lililomwagika kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja anayeitwa mzururaji. Bayeye, wacheza na nyoka, wamebeba chatu shingoni ili asimame kwao. Wacheza bugobogobo wamerusha majembe hewani na kuyadaka ili asihame. Mafundi wamechonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza, nazo zimekuja uwanjani kumchekesha yeye. Juu ya yote kuna samba, dawa ya ngoma, ambayo manju huitafuta si ili sauti yake iwe tamu bali ili avutie watu. Sijui mfalme aliyetengenezewa dawa nyingi kiasi hicho, na wafalme walitengenezewa nyingi.

Mtu atasema kwamba sifa hizi ni za umati wote, si za huyu anayesafiri. Mwenyeji wa kijiji naye ana miguu. Ni kweli, lakini mwenyeji anafika uwanjani hajui aende wapi, na asiyejua aende wapi huangalia kulikojaa. Manju aliyetoka mbali hana shangazi pale wala jirani wa kumwanzishia duara. Waliokuja nyuma yake kwa baiskeli ndio wanaolianzisha, kwa vumbi lao na vitikio wanavyovijua kwa moyo, na wenyeji wakiona watu wamesimama husogea nao. Mganga hujitokeza jioni kudai kwamba samba yake imevuta. Kundi likishindwa, lawama nazo humwendea mganga, au mganga wa upande wa pili. Shabiki halaumiwi kamwe. Ni kazi chache duniani zenye mpangilio mzuri hivyo.

Kuna pingamizi zito zaidi: hakimu aliyekuja na upande mmoja, akaondoka nao, anahukumu nini? Nakiri kwamba hajawahi kusikiliza ngoma ya pili hata dakika moja. Lakini hakimu aliyeamua kabla ya kesi kuanza anaokoa muda mwingi wa mahakama, na tofauti na mahakimu wa aina hiyo walioko kwingine, huyu hakupewa hata soda. Nauli ni yake na njaa ni yake. Isitoshe, manju anayevurunda msimu mzima humwona akipungua. Kuhama kwake ni nadra, na ndiyo maana kunaogopwa.

Kuhusu shamba, wanaomlaumu kwamba analitelekeza wasome kalenda. Mbina hushamiri kuanzia Juni, wakati wa kiangazi, na mvua za kulimia bado ziko mbali. Shamba lenyewe liko likizo. Kanisa lililiona hilo mapema. Padre David Clement wa Mapadre Weupe, Mkanada aliyekijenga kituo cha Bujora katika miaka ya 1950, hakuwafukuza wacheza mbina. Sikukuu ya Ekaristi ikafungamana na mashindano yao, na sherehe hiyo, iitwayo Bulabo, inachezwa kila Juni hadi leo. Aliyetaka kuhubiri alitambua kwamba watu wameshakusanywa na mtu mwingine. Wanasiasa nao wanalitambua: kila msimu wa kampeni ngoma hutangulia uwanjani, mgombea hufuata. Kwa hesabu hiyo mheshimiwa naye ni mfuata ngoma, ila yeye hutumia gari na hulipwa posho.

Limebaki pingamizi la vijana, kwamba siku hizi ngoma zote zimo kwenye simu, za nini taabu za barabarani? Hapa nakubali nusu. Kwenye simu sauti ni safi, hakuna vumbi, na nyoka wa Bayeye hafiki miguuni. Lakini aliyetazama akiwa kitandani Buzuruga hakuongeza mtu hata mmoja kwenye duara la Magu, na manju wa upande wa pili hakumwona. Ushindani wa mbina haujali nani amependa. Unajali nani amesimama wapi. Kura ya mfuata ngoma hupigwa kwa mgongo: anampa uso manju wake na kisogo yule mwingine, na yule mwingine, katikati ya wimbo, huwa anavihesabu visogo.