Tunaomba benchi moja, la muda tu

Kwa Waheshimiwa wote wenye mihuri ya mji, Butembo na Beni

Kuhusu: ukarabati wa bustani za katikati ya mji

Waheshimiwa,

Napenda kuwahakikishia kwamba mwandishi wa barua hii ni raia mwema. Vitansi vyangu vyote vya kodi ninavyo: cha usafi, cha soko, cha barabara, na kimoja ambacho hata aliyenipa hakuweza kukisoma. Silalamiki. Malalamiko yalikuwa na mahali pake, na mahali penyewe pamekwisha kujengwa duka.

Nimesema bustani kwa adabu. Nina maana ya ile mizunguko ya barabara yenye mnara na majani yaliyofungiwa kwa waya, vipande vya udongo mbele ya majengo ya serikali, na vile viwanja ambavyo kwenye ramani ni vya umma lakini kila mwaka vinapungua upande mmoja. Ukisimama kupumzika kwenye Rond-point VGH pale Butembo, unapigiwa honi. Ukikaa, unaulizwa unauza nini. Beni tuna Rond-point Nyamwisi, yenye jina la Enoch Nyamwisi Muvingi aliyeuawa Butembo mwaka 1993, na heshima tunayompa marehemu ni kumzungushia pikipiki kutwa nzima.

Kwa hesabu yangu, katika miji hii miwili mtu anaweza kuketi bila kununua kitu mahali pawili tu: kanisani na matangani. Kanisani kuna sadaka. Yamebaki matanga, na hayo, Waheshimiwa, hamjatupunguzia.

Utaratibu tunaujua sote. Siku ya salongo, ile kazi ya pamoja, tunaitwa na majembe yetu, tunafyeka kiwanja cha umma mpaka kinang'aa. Wiki hazipiti nyingi anafika bwana mmoja mwenye mita ya kupimia, pamoja na vijana wawili waliobeba vigingi. Hana haraka. Anapima, anaandika, anawasalimia wazee vizuri kabisa. Baadaye ukuta unapanda, na juu ya ukuta yanaandikwa kwa rangi nyekundu maneno tunayoyaona kila mtaa: parsele hii haiuzwi. Kweli haiuzwi. Imekwisha kuuzwa.

Kwa hiyo ombi la kwanza: yale maandishi yaletwe kabla ya ukuta. Rangi tutachanga, kama tulivyozoea kuchangia barabara. La pili: nyaya zinazolinda majani dhidi ya watu ziondolewe, zikawalinde watu dhidi ya kitu chochote mtakachochagua. La tatu: kama sheria inaruhusu, tuandikisheni kuwa wanyama wa Virunga. Hifadhi hiyo ipo tangu 1925, ina karibu kilomita za mraba 7,800, na sokwe wake wana walinzi wao. Sisi tunaomba mita kumi na mti mmoja.

Sasa nifike kwenye benchi.

Nimewachunguza kwa muda mrefu, na nimegundua kosa letu. Tumekuwa tukiomba vitu vya kudumu, na vya kudumu mkononi mwenu havimalizi mwaka. Vinavyodumu ni vya muda. Mei 2021 tulitangaziwa état de siège, yaani utawala wa kijeshi, ya siku 30. Siku hizo 30 zikaongezewa 15, halafu 15, halafu 15 nyingine, na mtoto aliyezaliwa mwezi ule amekwisha kujua kusoma neno «militaire». Katika mkoa wetu hakuna jengo, daraja wala ahadi yenye afya kama ile.

Basi tunaomba benchi la muda. Litangazwe kwa siku 30, si zaidi, ili lisimtie mtu hofu. Liwe la mbao za libuyu, zile zinazotupita juu ya malori kuelekea mpakani Kasindi bila kutupa hata kibanzi. Kila siku ya kumi na tano wabunge wakutane Kinshasa, wapige kura ya kuliongezea siku 15, wakiinua mikono bila mjadala, jinsi wanavyojua. Benchi lipewe mkuu wake, awe mwanajeshi, na naibu wake awe polisi. Raia wasilisimamie, maana imekwisha kuamuliwa kwamba raia wa huku hawawezi kusimamia kitu. Ugomvi wa nani alikaa kwanza upelekwe mahakama ya kijeshi. Mwenye kuegemea sana aonywe kwa maandishi. Ikifika saa ya kutotoka nje, benchi nalo liamriwe lisitoke nje, na tunaahidi kwamba kati ya wakazi wote wa mji, hilo litatii.

Mkifanya hivyo tu, wajukuu zetu watalikalia.

Najua mtasema kwamba watu wakipata mahali pa kukaa watakusanyika. Hapo mna haki ya kuogopa. Desemba 2018 tulielezwa kwamba kwa sababu ya Ebola na usalama, Beni na Butembo zisipige kura pamoja na nchi. Masoko yalikuwa wazi. Makanisa yalikuwa yamejaa. Hatari ilikuwa kwenye sanduku la kura peke yake. Tarehe 30 watu wa Beni wakapanga mistari wenyewe, wakanawa mikono kama walivyofundishwa, wakapiga kura ambazo hakuna ofisi iliyozipokea. Zamu yetu halali tulipewa Machi 2019, rais akiwa amekwisha kuapishwa tangu Januari. Sisemi kwamba viwanja vyetu vinaliwa ili tusipate pa kusimama pamoja. Nasema tu kwamba vingekuwa vimeliwa kwa shabaha hiyo, kazi isingekuwa safi zaidi.

Tena msituambie ardhi ni haba. Ya makaburi haijawahi kukosekana. Baada ya mauaji ya Rwangoma, Agosti 2016, ilipatikana. Kwa Ebola, iliyoondoka na watu zaidi ya 2,200 kati ya 2018 na 2020, ilipatikana upesi, wala hakuna bwana wa mita aliyekuja kuipima. Ni pale mtoto anapotaka kukimbiza mpira ndipo inahitajika tume, na kikao, na per diem ya kikao, na kuambiwa turudi Jumatatu. Mnatuzika vizuri kuliko mnavyotuketisha.

Mtaniwia radhi. Nilikuwa kwenye benchi.

Watakaowaambia kwamba ukarabati hauwezekani, waambieni habari za Zanzibar. Bustani ya Forodhani ilifungwa mwaka 2008 ikafunguliwa Julai 2009, na (hapa muwe mmekaa) kilichofunguliwa kilikuwa bustani. Au Nairobi: mfanyabiashara Jeevanjee aliwapa watu bustani mwaka 1906, na ilipokusudiwa kujengewa maghorofa mwaka 1991, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza watu kukataa. Ipo hadi leo, watu wanabishana siasa humo. Matajiri wetu wa Butembo wanaofuata mizigo Dubai na Guangzhou wamekaa sana kwenye bustani za wengine; labda mmoja anaweza kuulizwa, kwa upole, kama hataki jina lake libaki juu ya kitu kisicho kontena.

Kuhusu vifaa, nina wazo la kubana matumizi. Agosti 2023 ilifanyika meza ya duara huko Kinshasa kujadili kama état de siège iendelee. Iliendelea. Ile meza, kwa kuwa kazi yake ilikwisha namna hiyo, iletwe huku tuiweke mbele ya benchi. Tutaifuta vumbi sisi wenyewe.

Na msichelewe mno. Tangu Goma, makao ya mkoa wetu, ilipoanguka Januari 2025, uongozi wa mkoa uko Beni. Waliokimbia Kanyabayonga na vijiji vya Lubero wako Butembo, wamekaa juu ya mizigo yao kwenye veranda za watu. Wakuu na wakimbizi, kwa mara ya kwanza, wanatafuta kivuli kilekile.

Kwa matumaini ya siku 15 zinazoongezeka,

Raia aliyesimama

Nakala kwa taarifa:
Mkuu wa komini;
Mkuu wa mtaa, ambaye najua ataisoma peke yake na kuificha;
Bwana mwenye mita, ili ajue kwamba juzi tulimwona tena, upande wa kaskazini, na vigingi vipya.